Mikono Itangulie Maelezo

Kila mwaka wanachuo waendapo katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huwafuata na daftari zetu za ukaguzi. Yapo mengi ya kufurahisha katika safari hizo. Lakini lipo jambo moja ambalo tumeliona kwa muda mrefu na kulipita kimya, nalo ni mhadhara: mwalimu asemaye kipindi kizima, ubao unaojazwa na kufutwa, na watoto wanaonakili. Hasara ya ufundishaji wa namna hiyo huwaangukia zaidi watoto ambao akili zao hufanya kazi kwa njia ya mikono: wafinyanzi wadogo, wasusi wa mikeka, waundaji wa magari ya waya, watega ndege. Aghalabu hao ndio tunaowaita wazito.

Siku moja tulikaa nyuma ya darasa la tano katika shule ya msingi isiyo mbali na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Somo lilikuwa historia, na mada ilikuwa misafara ya biashara baina ya pwani na bara katika karne ya 19. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa amejitayarisha vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ulisomeka hata na sisi tuliokuwa nyuma, na sauti yake haikutetereka. Kwa dakika 30 alieleza bidhaa zilizotoka pwani na zile zilizotoka bara, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na faida na hasara za biashara hiyo. Watoto zaidi ya 80 walinakili. Jirani yetu alikaa mvulana mmoja ambaye hakunakili. Chini ya dawati alikuwa akifungafunga kipande cha gome kwa kamba za miti, akiunda mzinga mdogo wa nyuki wa kuchezea. Mwalimu alipomwona alimnyang'anya, akamsimamisha, akamwuliza: "Wapagazi walibebaje mizigo yao?" Mvulana akanyamaza. Darasa likacheka. Nasi tukaandika katika daftari kwamba mwalimu amedumisha nidhamu.

Wakati wa mapumziko tulimkuta mvulana yule chini ya mwembe, tukamwuliza habari za mzinga wake. Alitueleza bila kusita jinsi gome linavyobanduliwa lisipasuke, jinsi linavyofungwa, na mahali panapofaa kuutundika mzinga. Kisha, bila ya kuulizwa, akatueleza jinsi babu yake alivyokuwa akileta asali mjini kwa mzegazega, debe moja mbele na moja nyuma, na jinsi alivyobadili bega pasipo kusimama. Alijua hata kwa nini mti wa kubebea unaonepa kidogo ni bora kuliko mti mgumu. Kwa maneno mengine, swali lililomshinda darasani alilijibu chini ya mwembe, tena kwa ukamilifu kuliko kitabu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Alama tulizompa mwalimu siku ile zilikuwa za juu, na mpaka leo tunazionea haya.

Kabla ya kumlaumu mwanachuo yule yatupasa tujitazame wenyewe. Alijifunza wapi kufundisha vile? Alijifunza kwetu. Chuoni tunayo mada ndefu juu ya njia shirikishi za kufundishia. Tunaifundisha kwa kusimama mbele ya wanachuo mia na zaidi na kuwasomea, kutoka katika kitini, madhara ya kusimama mbele ya wanafunzi na kuwasomea. Wanachuo hunakili madhara hayo, huyakariri, huyajibu katika mtihani na kupata alama nzuri. Baadaye huenda shuleni wakafanya kama walivyotendewa. Hawafuati tuliyoyasema, bali tuliyoyatenda.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba mhadhara utupwe. Wenye kusema hivyo, kwa maoni yetu, hawajasimama mbele ya watoto 90 wenye vitabu kumi, katika kipindi cha dakika 40. Tena yapo maarifa ambayo hayashikiki mkononi. Mtoto hawezi kuushika mwaka wa 1857, wala hawezi kuigusa hofu ya msafara uliokosa maji. Mtu mzima ajuaye hana budi kumweleza. Na maelezo peke yake si adui wa watoto. Bibi asimuliaye hadithi usiku naye anahutubia, pengine saa nzima, na watoto hawasinzii. Lakini tazameni mambo mawili katika barazani yake. Kwanza, haanzi mpaka wasikilizaji waitikie. Pili, na hili ndilo tunalolisahau, mikono ya watoto wale haikukaa bure. Inabangua karanga au inapukuchua mahindi. Bibi huyo hakupita chuo cha ualimu.

Ugomvi wetu, basi, hauhusu kuwapo kwa mhadhara bali mahali pake. Katika andalio la somo la kawaida maelezo hutangulia, na kazi ya mikono huja mwishoni "ikiwa muda utaruhusu". Muda hauruhusu kamwe, sote tunajua. Na hata ukiruhusu, kazi hiyo huwa kama sukari apewayo mtoto baada ya dawa chungu: achore alichoambiwa, aigize alichoambiwa. Haina swali ndani yake, kwa kuwa majibu yote yamekwisha kutolewa. Sisi tunadai kwamba mpango huo upinduliwe. Mikono ianze. Kazi ya mikono izae swali. Ndipo mwalimu aseme, na aseme kwa kirefu ikibidi, maana sasa anamjibu mtu aliyeuliza.

Ili tusiwe watu wa maneno matupu, wiki mbili baadaye tulimwomba mwanachuo yule airudie mada ileile kwa darasa lilelile, nasi tukashirikiana naye katika matayarisho. Vifaa vilikuwa gunia la mchanga lililopimwa dukani likawa na kilo 30, kamba za katani, na mifuko midogo. Hatukununua kitu.

Tulianza nje. Kilo 30 ni karibu na uzito aliochukua mpagazi mmoja katika njia hii, mbali na chakula na vyombo vyake mwenyewe. Hatukumruhusu mtoto yeyote kujitwika gunia lile. Twasisitiza jambo hili kwa wanachuo wenye haraka, kwani shingo ya mtoto si zana ya kufundishia. Walilinyanyua wawili wawili, kidogo tu kutoka ardhini, kisha wakaliweka chini. Baadaye mchanga uligawanywa katika mifuko ya kilo tatu tatu, na kila kikundi kikazunguka kiwanja cha mpira mara moja, kikipokezana mfuko. Kiwanja kile kina mzunguko wa mita 300 hivi. Waliporudi darasani mwalimu aliuliza swali moja: msafara ukienda kilometa 15 kwa siku, ni sawa na kukizunguka kiwanja chetu mara ngapi? Mara 50. Kelele iliyozuka tuliikubali. Hakuna mtoto aliyedhani tena kwamba kilometa 15 ni tarakimu.

Swali la pili lilikuwa la hesabu vilevile. Tukikadiria kwamba kutoka pwani hadi Tabora ni kilometa 800, msafara ungefika kwa siku ngapi? Watoto walipata siku zisizozidi 54. Ndipo mwalimu akaandika ubaoni tarehe mbili tu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857. Waliingia Kaze, yaani makao ya wafanyabiashara Waarabu ambayo ndiyo asili ya mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Watoto wakahesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi. Siku zaidi ya 130! Msichana mmoja akasema hesabu yetu imekosewa. Mwingine akasema hapana, wazungu ndio waliokosea njia. Sisi tuliokaa nyuma tulimwona mwalimu akitaka kujibu papo hapo, kisha akajizuia na kuwaacha wabishane kwa dakika nzima. Kujizuia huko ni stadi ya ualimu, nayo haionekani katika andalio lolote.

Alipofungua kinywa alizungumza kwa dakika kumi na mbili mfululizo. Ulikuwa mhadhara kamili, usio na picha wala mchezo. Alieleza homa zilizowaangusha watu njiani, siku za kungojea chakula kinunuliwe na kutwangwa, mbuga kavu zilizopaswa kuvukwa kwa mwendo mmoja kwa ajili ya maji, wapagazi waliotoroka usiku na mizigo iliyobaki haina mabega, na mashauri ya hongo katika nchi ya Ugogo ambayo yangeweza kula siku kadhaa. Kila jambo lilikuwa sehemu ya jibu la siku zilizopotea. Hatukumwona mtoto aliyesinzia. Mambo hayohayo, karibu kwa maneno yaleyale, yalikuwa ubaoni wiki mbili zilizotangulia, na hayakumtia mtoto hata mmoja shaka wala udadisi.

Sehemu ya kamba ndiyo iliyotufundisha sisi wenyewe. Katika njia hii nguo ilikuwa kama fedha, hasa ile pamba nyeupe kutoka Marekani ambayo wazee wetu wameendelea kuiita merikani. Ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, na mikono minane, yaani shuka mbili, ni doti. Kila kikundi kilipewa kamba na kuagizwa kukata doti moja. Kamba kumi zilipolazwa sakafuni bega kwa bega, hapakuwa na mbili zilizolingana. Tofauti ya fupi na ndefu ilizidi shubiri. Watoto walishtakiana udanganyifu. Kila mmoja akapima tena mbele ya wenzake, na ikadhihirika kuwa hakuna aliyedanganya. Hapo binti mmoja, ambaye baadaye tuliambiwa ni mtoto wa fundi cherehani, akasema: "Nikiwa mtemi, nitamwita mwenye mkono mrefu anipimie. Nikiwa mwenye mali, nitapima mwenyewe."

Wanachuo watakumbuka kwamba vitabu vingi vilivyoandikwa na wasafiri wa kigeni huitaja hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Mtoto yule, akiwa na kamba mkononi, alikwisha kuona kwamba ni mashauri baina ya pande mbili, kila upande ukiwa na haki yake na hila yake. Mwalimu hakuwa na kazi kubwa tena. Alieleza kwa dakika chache kwamba mtawala alikuwa na maji, chakula na usalama wa njia, na kwamba mgeni apitaye na watu mamia huvinywa na kuvila vitu hivyo; kwa hiyo alilipa. Baada ya hapo hata vita vya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora, vilivyozuka mwaka 1871, vilieleweka kwa wepesi, kwani navyo kwa sehemu kubwa vilihusu nani aitawale njia na nani alipwe.

Twaweza kuendelea kutaja mifano, lakini mmoja zaidi utatosha. Shule zilizo karibu hupeleka watoto Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone na Stanley. Ziara hizo mara nyingi ni mhadhara uliohamishiwa nje: watoto husimama juani, mtu husema, watoto hurudi. Jaribuni kuwapa kazi kabla hawajaondoka shuleni. Wapeni kamba, wapime unene wa ukuta na upana wa mlango. Wapeni tarehe wazihesabu. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja Kwihara mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akabaki mpaka Agosti, miezi mitano na zaidi. Alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani. Mtoto aliyeinua gunia la mchanga hulipokea jibu hilo kwa namna nyingine kabisa. Huona kwamba msafiri yule mashuhuri hakuweza kwenda popote bila mabega ya watu ambao majina yao hayamo katika jina la makumbusho.

Sasa tufike mahali pagumu, ambapo kosa letu lilimwumiza mtoto. Katika shule nyingine, mwanachuo mwingine aliyetusikia tukisifu kazi za vitendo aliamua kuigiza msafara wa watumwa. Aliwafunga watoto sita kamba, mmoja nyuma ya mwenzake, akawapitisha mbele ya darasa. Watoto walicheka sana. Waliochaguliwa walikuwa wale wasio na viatu na wenye sare zilizochakaa. Mwalimu anaapa kwamba hakukusudia, nasi tunamwamini, na hilo ndilo la kutisha. Mmoja wao alibaki na jina la "mtumwa" mpaka mwisho wa muhula. Mama yake alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alimwuliza mwalimu mkuu kama shule inajua ukoo wao umetoka wapi.

Katika Tabora na Ujiji, na katika miji mingi iliyo juu ya njia hii, wajukuu wa pande zote wameketi katika dawati moja: wa waliouza, wa waliouzwa, wa waliobeba kwa ujira, wa waliotoza hongo. Jambo hili halichezewi kwa kamba. Hapa, ndugu wanachuo, mikono ipumzike na mhadhara uchukue nafasi yake ya heshima. Mwalimu asimame, ashushe sauti, aeleze. Na aeleze kwa usahihi, kwa sababu darasani hupita kosa ambalo tumelisikia mara nyingi, kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya wapagazi wa njia hii walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira au waliokwenda pwani na bidhaa zao wenyewe, nao waliionea fahari kazi hiyo. Njia hiyohiyo ilipitisha mateka waliouzwa. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa darasa la tano aweza kuyachukua yote mawili akiambiwa taratibu. Aambiwe pia kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kwamba katika Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Miaka hiyo 49 inatosha kulinyamazisha darasa lolote.

Tulikuwa tumesema "igizo" chuoni bila ya kusema mipaka yake. Tangu hapo, kila tunapomsikia mtu akisifu vitendo kwa ujumla, sisi wenyewe tukiwamo, humwuliza: vitendo gani, na vya nani?

Wapo watakaotukumbusha kwamba nchi hii imewahi kufundisha kwa mihadhara mitupu na ikafaulu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kwa majuma 12, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba zao. Redio ni mhadhara halisi. Msemaji hawaoni hata wasikilizaji wake. Tena pale maelezo yalitangulia na majembe yakafuata, kinyume cha madai yetu. Hoja hii ni ya kweli na hatutaki kuikwepa. Jibu letu ni kwamba wale watu wazima walikuja kwenye redio na swali tayari. Malaria na kuhara vilikuwa vimo nyumbani mwao. Mikono yao ilikwisha kuwafuta jasho wagonjwa na kuchimba makaburi. Mtoto wa darasa la tano hana jambo kama hilo kuhusu misafara ya karne ya 19. Yeye lazima atengenezewe swali, na kwa mtoto wa namna tunayomzungumzia hapa, swali hutengenezwa kwa mikono.

Kuhusu Elimu ya Kujitegemea tutasema maneno machache tu, maana mengi yamekwisha kusemwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora tangu 1937 hadi 1942 na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria hapohapo tangu 1946 hadi 1949, alitaka katika waraka wake wa 1967 kwamba kazi na masomo viwe kitu kimoja. Shule nyingi zilipata shamba, lakini shamba lilikaa upande wake na darasa upande wake. Mchana watoto walilima. Asubuhi walifanya hesabu za Bwana Fulani mwenye ekari tano, na hakuna aliyewatoa nje wakapime shamba walilolilima wenyewe.

Tunajua wanachuo watauliza juu ya idadi ya watoto. Kwa watoto 80 tulihitaji kamba kumi, vikundi vya watoto wanane wanane, na kiongozi wa kikundi aliyeagizwa kazi yake kabla ya kipindi kuanza. Palipokuwa na ulegevu ni pale tulipotoa maagizo watoto wakiwa wamekwisha kushika vifaa. Mwenye kamba mkononi hasikii. Toeni maagizo kwanza, kisha kamba. Mwishoni kusanyeni kamba kabla hamjaanza kueleza, kwa sababu hiyohiyo.

Watauliza pia juu ya kelele. Mwalimu mkuu mmoja alifika mlangoni mara mbili. Mwambieni mapema siku hiyo mtafanya nini, na mkaribisheni aingie. Mwalimu mkuu aliyekaribishwa huwa mpole kuliko aliyeshtushwa. Zaidi ya hayo, kelele ya watoto wanaobishania urefu wa kamba haifanani na kelele ya watoto wasio na kazi, na sikio la mkaguzi lazima lijifunze kuzitenganisha. La kwetu lilichelewa kujifunza.

Na watauliza juu ya mtihani. Hapa hatuna ahadi ya kutoa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi haumwulizi mtoto kupima doti. Tunachoweza kusema ni kwamba watoto wa darasa lile, walipoulizwa mwezi mmoja baadaye, walizitaja sababu za kuchelewa kwa misafara bila ya kufungua daftari, na kwamba waliozitaja kwa wepesi zaidi hawakuwa wale tuliozoea kuwaona mikono juu. Ni darasa moja tu. Wengine na wajaribu.

Upande wetu tumebadili kitu kimoja katika daftari ya ukaguzi. Juu ya ukurasa, kabla ya kuangalia mwandiko na sauti, tunajiandikia swali: mikono ya watoto ilifanya nini kabla mwalimu hajaanza kueleza? Mara nyingi, hata sasa, jibu ni kwamba ilinakili. Pale ambapo mada inataka mikono itulie, tunaandika hivyo, na tunampa mwalimu alama zake.

Mvulana wa mzinga tulikuwa karibu kumsahau siku ile ya marudio. Mwanachuo hakumsahau. Alikuwa amekihifadhi kile kimzinga katika mkoba wake, akamrudishia mbele ya wenzake, kisha akamwomba aje aonyeshe mzegazega kwa mti wa ufagio na mifuko miwili ya mchanga. Mvulana alitazama jinsi tulivyoifunga ile mifuko, akaifungua yote, akafunga upya kwa namna yake. Akatembea toka mlangoni hadi ubaoni, akabadili bega njiani. Halafu, akiwa bado na mzigo begani, akauliza: "Mwalimu, na chakula cha wabebaji wote hao, nani alikuwa akipika?"

Swali hilo halikuwamo katika andalio la somo. Mwanachuo alitutazama, nasi tulitikisa kichwa kwamba aendelee. Akafuta ubao wote, akaanza kueleza habari za wanawake waliokwenda na misafara ile, waliopika, waliobeba vyungu na watoto, na ambao kambi haikukaa bila wao. Kengele ililia kabla hajamaliza, na watoto hawakusimama.